Kilomita 200 za pwani ya California kwa gari-nyumba zilitumeza siku nzima: tulikosea wapi?

#1 Baba Rehema (mleta uzi)

Salaam wadau. Nina jambo nililolibeba tangu Julai 2022, na kwa kuwa kila nikiligusa nyumbani mazungumzo huharibika, nimeona nililete hapa penye watu wengi.

Mwaka huo tulikodi gari-nyumba la futi 30, yaani mita tisa na ushei, lenye vitanda, jiko, friji na choo ndani. Tulikuwa watu watano: mimi, mke wangu, watoto wawili na mama mkwe aliyetoka Pangani kuja kututembelea. Tulilala Monterey, na siku iliyofuata tukakusudia kwenda Morro Bay kwa Barabara Kuu Namba 1, ile inayopita Big Sur, ambako milima ya Santa Lucia inashuka moja kwa moja hadi majini na barabara imekwanguliwa ubavuni mwa mlima. Ni takribani kilomita 200. Ramani ya simu ilinionyesha kuwa ningeendesha kwa muda wa saa tatu na nusu.

Tuliondoka saa mbili asubuhi na tulifika saa tatu usiku. Bahari tuliyoifuata tuliiona kwa muda usiozidi saa mbili kwa jumla, kwa sababu muda uliobaki ilifunikwa na ukungu mweupe kama tui. Kwenye Daraja la Bixby, ambalo kila mtu ana picha yake, hatukupata pa kuegesha. Friji ilikufa njiani bila kuaga, na kuku wa kupaka aliyepikwa na mama mkwe usiku wa kuamkia safari akaishia jalalani. Kufikia mchana breki zilikuwa zinanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo.

Dai langu ni kwamba safari hii inasifiwa kupita kiasi, na kwamba gari-nyumba si chombo cha barabara ile. Anayebisha anionyeshe tulipokosea.

#2 Kijana wa Makadara

Mlianza upande usiofaa. Mngeanzia Morro Bay na kupanda kaskazini, mngekuwa upande wa mlima, dereva angekuwa na utulivu, na safari ingechukua nusu ya muda huo.

#3 Mchora Ramani

Namsahihisha #2 kwa heshima. Marekani magari hupita kulia, kwa hiyo anayetoka kaskazini kwenda kusini ndiye anayekuwa upande wa bahari, na sehemu nyingi za kusimama na kutazama zipo upande huo huo. Anaingia na kutoka bila kukata njia ya magari yanayokuja, jambo ambalo kwa gari la mita tisa si dogo. Mleta uzi alichagua mwelekeo ambao wengi huushauri.

#4 Kijana wa Makadara

Ndugu Mchora Ramani, umesema kweli, lakini ukweli huo huo ndio unaonipa ushindi. Ukiwa upande wa bahari, abiria wa mbele anakaa dirishani juu ya shimo. Gari lenyewe lina upana wa mita mbili na nusu bila kuhesabu vioo, na pembeni ya barabara mahali pengi hakuna nafasi ya kutosha hata kuweka kiti. Naomba mleta uzi ajibu swali moja tu: nani alikaa kiti cha mbele kulia?

#5 Baba Rehema (mleta uzi)

Alikaa mama mkwe. Ni mgeni na ni mkubwa, nisingeweza kumpeleka nyuma pamoja na mabegi. Ni kweli kwamba kila kona alikuwa akivuta pumzi kwa sauti, nami nikasikia kila pumzi.

#6 Dereva wa Kitonga

Hapo sasa tumeanza kupata mwanga. Mimi nimeendesha malori njia ya Zambia kwa miaka mingi, na nikisikia breki zinanuka siulizi barabara ikoje, nauliza mguu ulikuwa wapi. Mtu mwenye mgeni anayevuta pumzi hukanyaga breki kabla ya kona, ndani ya kona na baada ya kona. Gari-nyumba lina uzito wa lori dogo, ila aliyelikodi huliendesha kama gari la kwenda sokoni. Kanuni yetu pale Kitonga ni ile ile kila siku, kwamba unateremka na gia uliyopandia. Gari likiwa la gia zinazojibadilisha, unalishusha kwa mkono hadi gia ya chini na kuiacha injini ilizuie, kisha breki unazigusa kwa nguvu na kuziachia zipoe, huziegemei.

Ninaongeza jambo la sheria. California inamtaka dereva wa gari la polepole kwenye barabara ya njia mbili aingie pembeni palipotengwa pindi magari yaliyokwama nyuma yake yanapofika matano. Je, mleta uzi, uliingia pembeni mara ngapi?

#7 Baba Rehema (mleta uzi)

Mkuu Dereva wa Kitonga, shukrani. Kuhusu mguu wangu, nakubali kwa shingo upande. Kuhusu kuingia pembeni, nadhani ni mara arobaini. Mengine yalikuwa yananipigia honi hata kabla hayajafika matano.

#8 Mchora Ramani

Kila unapoingia pembeni unapunguza mwendo, unasubiri msururu upite, kisha unasubiri nafasi ya kurudi. Tuseme dakika mbili kwa kila mara. Mara arobaini ni dakika themanini. Ukiongeza muda wa saa tatu na nusu wa ramani, bado hatujafika hata saa tano. Siku yako ilikuwa na saa kumi na tatu, kwa hiyo kuna saa nane zilizopotea ambazo hakuna aliyezieleza.

#9 Binti Kilindini

Wenzangu mnahesabu dakika huku mkosaji anajulikana. Kosa ni mwezi wa Julai.

Kwenye pwani ile, kuanzia majira ya kuchipua hadi kiangazi, pepo za kaskazini-magharibi huvuma karibu sambamba na nchi. Kwa sababu ya mzunguko wa dunia, maji ya juu husukumwa mbali na ufuo, na maji ya kilindini yaliyo baridi hupanda kuziba nafasi yake. Ndiyo maana katikati ya kiangazi, mtu anapotarajia kuoga, bahari ya Big Sur ina nyuzi 12 au 13 hivi, wakati Tanga hata kusi ikivuma kwa nguvu maji hayaendi mbali chini ya nyuzi 25. Hewa yenye unyevu inayopita juu ya maji baridi kiasi hicho hugeuka ukungu. Kisha mabonde ya bara, kama la Salinas, yanapopata joto la mchana, hewa yake hupanda na kuuvuta ukungu kutoka baharini. Yaani jinsi bara linavyozidi kuwa na joto, ndivyo pwani inavyozidi kujifunika. Mngekwenda Septemba au Oktoba mngeona kila jabali.

#10 Nahodha Mstaafu

Maelezo ya Binti Kilindini ni mazuri, lakini yanamwachia mtu dhana kwamba ukungu ule hukaa kutwa. Mara nyingi huondoka ifikapo saa sita au saa saba mchana jua linapoipasha moto ardhi iliyo chini yake. Kama mleta uzi aliukuta saa tisa alasiri, basi kuna kitu kingine. Ninahisi alikuwa akisimama mahali pasipofaa, chini kabisa, badala ya kupanda. Ukungu ule ni kama mfuniko: una sakafu na una dari, na barabara ile hupanda na kushuka. Panda mita mia mbili au tatu na unaweza kujikuta juani ukiutazama kwa chini.

#11 Binti Kilindini

Mzee wangu, zipo siku hauondoki kabisa. Nimeishi kilomita chache kutoka Monterey kwa miaka minne na nimewahi kufua nguo Jumatatu zikakauka Alhamisi.

#12 Mswahili wa Salalah

Ninasoma nikicheka. Huku Dhofar, kusini mwa Oman, tuna kitu cha namna hiyo hiyo, tunakiita harifu. Kuanzia mwisho wa Juni hadi Septemba kusi huvuta maji baridi juu karibu na pwani, na ukungu na manyunyu hushika milima mpaka inakuwa ya kijani kibichi. Watu huendesha takribani kilomita 1,000 kutoka Muscat, wengine hutoka nchi nyingine za Ghuba na familia zao na magari yenye vitanda, ili wakae ndani ya ukungu huo huo wanywe chai. Wewe umeupewa bure na unaulalamikia. Tatizo lako si ukungu, ni ulichokwenda kukitafuta.

#13 Baba Rehema (mleta uzi)

Ndugu wa Salalah, nyinyi mnakimbia nyuzi 45. Mimi nilikuwa nakimbia ofisi.

Wacha nieleze yale tuliyoyaona, ili nisionekane mtu wa kunung'unika tu. Mahali paitwapo McWay ukungu ulifunguka kama mlango kwa dakika kumi na tano hivi. Kuna kijito kinachotoka mlimani na kuanguka mita 24 moja kwa moja kwenye mchanga, ndani ya kighuba chenye maji ya rangi ya kijani-buluu ambayo sijawahi kuyaona hata Ras Nungwi. Hakuna anayeruhusiwa kushuka, unatazama kwa juu kutoka kwenye njia ya miguu. Mama mkwe alitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza swali moja: "Wavuvi wao wako wapi?" Nilitazama hadi upeo wa macho. Hapakuwa na chombo hata kimoja.

Kabla ya hapo tulikuwa tumejaribu kwenda ufuo wa Pfeiffer, ambao una mistari ya mchanga wa zambarau. Tukakata kona, tukaingia kwenye kinjia, na mlinzi akatueleza kwamba magari-nyumba hayaruhusiwi kushuka kule. Kurudisha nyuma mita tisa kwenye kona, watoto wakilia, kulichukua muda ambao nisingependa kuutaja.

#14 Mchora Ramani

Ufuo ule zambarau yake hutokana na chembe za garneti, aina ya madini, zinazooshwa kutoka mlimani. Katazo la magari-nyumba lipo na lina sababu, kwa kuwa kinjia chenyewe mahali pengine kinapitisha gari moja tu. Tuandike saa moja kwenye hesabu.

Kuhusu McWay, wengi hawajui kwamba ule mchanga si wa zamani. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 maji yale yalianguka baharini moja kwa moja. Mwaka 1983 mlima uliporomoka upande wa kaskazini, barabara ikafungwa kwa takribani mwaka mzima, na kifusi kilichoingia baharini kikasukumwa na mawimbi hadi kikaunda ufuo. Picha anayoipenda kila mtalii ilitengenezwa na ajali ya barabara.

#15 Mtoto wa Mkandarasi

Na hapo ndipo penye saa nane zenu. Barabara ile haijawahi kukamilika. Ilifunguliwa mwaka 1937 baada ya miaka kama kumi na minane ya ujenzi, wafungwa wa San Quentin wakiwa miongoni mwa waliovunja mawe, na tangu hapo mlima umekuwa ukiidai. Wafungwa hao ndio waliojenga Daraja la Bixby mwaka 1932. Mei 2017 mlima ulimwagika pale Mud Creek, ukafunika barabara na kuingia baharini, na njia haikufunguliwa hadi Julai 2018 kwa gharama ya dola milioni 54. Januari 2021 barabara ilikatika Rat Creek. Bila shaka mleta uzi alikuta kazi za ukarabati na taa za kupitisha upande mmoja kwa zamu.

#16 Mchora Ramani

Sahihisho dogo. Wafungwa walifanya kazi kwenye sehemu za barabara, lakini daraja lenyewe la Bixby lilijengwa na kampuni ya ukandarasi. Mwaka ni huo 1932, na upinde wake una urefu wa karibu mita 98 juu ya korongo lenye kina cha zaidi ya mita 70. Kwa miaka mitano lilikuwa daraja zuri ambalo barabara yake ya kusini ilikuwa haijafika mwisho.

#17 Mtoto wa Mkandarasi

Nimepokea sahihisho. Hoja yangu ya maporomoko inasimama.

#18 Nahodha Mstaafu

Sababu ya maporomoko ni mawimbi. Bahari hula mguu wa mlima, na mlima uliokatwa mguu hauna budi kukaa chini.

#19 Mtoto wa Mkandarasi

Mawimbi yalikuwepo kabla ya barabara, mzee. Rat Creek ilikatika kwa sababu moto wa mwaka 2020 ulikuwa umekwisha kuteketeza miti huko juu, na mvua kubwa ilipokuja haikuta mizizi ya kushika udongo. Tope na magogo vikaziba kalvati, maji yakapita juu na kuondoka na barabara.

#20 Binti Kilindini

Na Mud Creek haikuhitaji moto. Ilikuja baada ya msimu wa mvua nyingi uliofuata miaka ya ukame, na miamba ya huko ni mchanganyiko uliosagwa kama kokoto za kwenye gunia. Nadhani kila poromoko lina mama yake. Mleta uzi, ulisimamishwa na taa hizo au la?

#21 Baba Rehema (mleta uzi)

Nilisimamishwa mara mbili, kwa jumla kama dakika thelathini. Naona jambo hilo dogo limewapa watu raha kubwa.

#22 Fundi wa Baridi

Samahani kwa kuwarudisha nyuma, lakini hakuna aliyegusa friji, na kwangu ndilo swali la maana. Friji nyingi za magari-nyumba hazina kompresa kama za nyumbani. Ndani yake kuna amonia, maji na hidrojeni, na kinachozungusha mambo ni joto: mwali wa gesi, au kipasha cha umeme ukiwa umechomeka kambini. Amonia huchemka, hupanda, hupoa, kisha vimiminika hurudi chini kwa uzito wake wenyewe. Neno muhimu ni "uzito wake wenyewe". Gari likisimama kwenye mteremko kwa muda, vimiminika hukusanyika mahali pasipotakiwa na mzunguko hukatika. Likiwa linatembea halina shida sana, kwa sababu mtikisiko husawazisha. Mlisimama kula mchana mahali palipoinama?

#23 Baba Rehema (mleta uzi)

Tulisimama pembeni ya barabara karibu na Lucia, na kijiko kilikuwa kinateleza mezani. Tulikaa kama saa moja na nusu.

#24 Fundi wa Baridi

Nimemaliza.

#25 Mswahili wa Salalah

Hujamaliza, fundi. Upepo wa pwani huzima mwali kupitia matundu ya ubavuni mwa gari. Mimi nimeliona kwa macho yangu njia ya Hasik. Friji haikuwa na kosa, moto ulizimwa.

#26 Dereva wa Kitonga

Na mimi nauliza kama gesi ilikuwa wazi. Wakodishaji wengi humwambia mteja afunge valvu ya mtungi anapoendesha, kwa ajili ya usalama. Ukiifunga, na hujachomeka umeme, friji hiyo ni kabati.

#27 Baba Rehema (mleta uzi)

Aliyetukabidhi gari alisema tufunge gesi tunapojaza mafuta. Nilijaza Carmel. Siwezi kuapa kwamba niliifungua tena. Wala siwezi kuapa kwamba sikuifungua.

#28 Kijana wa Makadara

Kwa hiyo tuna mteremko, upepo na kumbukumbu ya mleta uzi. Mimi nina la nne: kuku wa kupaka ana tui, na tui halingoji mtu. Sufuria iliingia kwenye friji ikiwa imepoa?

#29 Mama Rehema

Nimeonyeshwa uzi huu na shemeji yangu. Mimi ndiye mke wa mleta uzi, na ninaomba radhi kwa wakubwa waliomo humu kwa kuingia nikiwa nimekunja ndita.

Sufuria iliingia ikiwa ya moto, na aliyeiingiza ni yeye, kwa sababu alitaka meza iwe wazi aangalie ramani. Hilo moja. La pili, hatukuondoka Monterey saa mbili. Saa mbili alikuwa bado anatafuta mpira wa kujazia maji, ambao ulikuwa umening'inia mgongoni mwa gari mbele ya macho yake. Tuliondoka saa tano kasoro.

La tatu, ambalo hakulisema na ninaelewa kwa nini hakulisema, ni choo. Mama yangu ni mtu wa Pangani wa zamani. Choo cha gari lile kina mlango mwembamba kama karatasi, na kipo hatua mbili kutoka anapokaa mkwe wake. Asingekitumia hata kama tungesafiri hadi Mexico. Kwa hiyo tulisimama kwenye kila choo cha hifadhi na kila mgahawa kati ya Carmel na San Simeon. Nilihesabu mara tisa. Kila mara ni kutafuta pa kuegesha mita tisa, kushuka, kutembea, kupanga foleni, kurudi, na watoto nao wanakumbuka kwamba wana njaa. Ukungu hauna kosa lolote. Wala gari.

#30 Mchora Ramani

Mara tisa kwa dakika ishirini na tano ni karibu saa nne. Na ikiwa waliondoka saa tano kasoro, saa tatu kati ya zile nane hazikuwahi kuwepo. Ninamshukuru sana Mama Rehema.

#31 Dereva wa Kitonga

Baba Rehema, pole. Hata hivyo ninasimama upande wako kwenye jambo la choo, kwa sababu mwenye adabu hamfungulii mkwe jambo kama hilo mbele ya watu. Ulifanya vema kunyamaza na kuwasingizia mawingu.

#32 Binti Kilindini

Sikubali kwamba ukungu hauna kosa. Bila ukungu wangetazama bahari kutoka kwenye kila choo.

#33 Nahodha Mstaafu

Swali la mama mkwe limeachwa barazani peke yake, nami ninaliona ndilo swali la mtu anayeijua bahari. Kuanzia Monterey hadi Morro Bay pwani ile haina bandari ya maana ya kukimbilia. San Simeon ni ghuba iliyo wazi. Ni majabali na mawimbi yanayotoka mbali bila kizuizi. Hata mvuvi wa ngalawa mwenye moyo hawezi kutia nanga mahali ambapo hana pa kurudi pepo zikigeuka.

#34 Mswahili wa Salalah

Huenda pia ni sheria. Eneo kubwa la maji yale lipo ndani ya hifadhi ya bahari ya Monterey Bay iliyotangazwa mwaka 1992, na kuna sehemu za pwani ambazo uvuvi umezuiwa kabisa.

#35 Kijana wa Makadara

Au walikuwepo, ndani ya ukungu, na wao wanauliza watalii wako wapi.

#36 Mama Rehema

Mama aliwapata wavuvi kesho yake, Morro Bay, chini ya lile jabali la mita 176 lililosimama mlangoni mwa bandari. Alikaa gatini asubuhi nzima akiwatazama wakishusha samaki, akatoa maoni kuhusu visu vyao.

#37 Baba Rehema (mleta uzi)

Kwa kuwa siri zote zimetoka, acha nitoe moja ambayo haimo kwenye hesabu ya Mchora Ramani. Saa moja jioni tulisimama Piedras Blancas kutazama sili-tembo. Walikuwa madume makubwa, wamelala mchangani kama magunia ya mkaa yaliyolowa, na ngozi zao zikibanduka vipande vipande, kwa maana Julai na Agosti ni miezi yao ya kujivua. Harufu yake ilishinda ya breki. Tulipoondoka, kilomita chache mbele, Rehema, aliyekuwa na miaka tisa, akapiga kelele kwamba ameona punda milia. Nilimwambia alale. Akapiga kelele tena. Nikamwambia mama yake ampe maji, kwamba mtoto amechoka.

#38 Mtoto wa Mkandarasi

Punda milia California? Huo ukungu uliingia hadi ndani ya gari.

#39 Mchora Ramani

Mtoto alikuwa sahihi na baba anatakiwa kumwomba radhi. Pale San Simeon juu ya kilima kuna kasri la William Randolph Hearst, tajiri wa magazeti, lililosanifiwa na Julia Morgan na kujengwa kuanzia mwaka 1919 hadi 1947. Hearst alikuwa na bustani kubwa ya wanyama. Ilipovunjwa kuanzia mwaka 1937 wanyama wengi waliondolewa, lakini baadhi ya punda milia walibaki kwenye malisho, wakazaana, na hadi leo zaidi ya mia moja wanachunga pamoja na ng'ombe. Huonekana kutoka barabarani, hasa jioni.

#40 Dereva wa Kitonga

Mtu ametoka Tanga, amekodi nyumba yenye magurudumu, ameendesha kutwa nzima, amefika mwisho wa dunia, na mnyama wa kwanza kukutana naye ni punda milia. Kisha akakataa kumtambua.

#41 Mama Rehema

Alirudi nyuma baadaye. Alirudi kilomita sita. Hiyo nayo iandikeni.

#42 Baba Rehema (mleta uzi)

Nilirudi, ndiyo. Walikuwa kumi na wanne kando ya ua wa seng'enge, jua linazama nyuma yetu, na mama mkwe ndiye aliyekuwa na furaha kuliko wote, kwa sababu ameishi Pangani miaka yote hiyo, Saadani ikiwa jirani, na hakuwahi kumwona punda milia hata mmoja.

#43 Mtoto wa Mkandarasi

Nimetubu. Nina ushauri mmoja tu kwa watakaofuata: kabla ya kulipia gari, angalieni taarifa za Caltrans, idara ya barabara ya California. Tangu Januari 2023 maporomoko yalifuatana, Paul's Slide kisha Regent's Slide mwaka 2024, na kwa muda mrefu hapakuwa na njia ya kupita moja kwa moja. Mtu angefika katikati na kurudi alikotoka. Na msifikiri mtalala pembeni ya barabara kwa kuwa mna kitanda. Kuegesha usiku kandokando ya njia hiyo Big Sur kumekatazwa, na kambi zenye nafasi ya mita tisa ni chache na hujaa mapema.

#44 Kijana wa Makadara

Ninarudi kwenye hoja yangu ya kwanza. Kama wangetoka kusini, punda milia wangewaona asubuhi, mtoto angekuwa hajachoka, na baba asingekuwa na sababu ya kumkatalia.

#45 Mchora Ramani

Asubuhi kungekuwa na ukungu.

#46 Baba Rehema (mleta uzi)

Wadau, nimepekua sanduku la karatasi na nimepata risiti ya mafuta ya Carmel ya siku ile. Carmel ni mwendo mfupi tu kutoka tulipolala. Imeandikwa saa 4:10 asubuhi.

#47 Mama Rehema

Nilisema saa tano kasoro.

#48 Baba Rehema (mleta uzi)

Na mimi nilisema saa mbili. Kulikuwa na foleni kwenye pampu.